Sura ya Saba: Meza ya Mtu Mmoja

"Mko wangapi?" Ndilo swali la kwanza. Umesimama mlangoni mwenyewe, hakuna aliyekufuata, mhudumu amekutazama kuanzia utosini hadi viatuni, na bado anauliza mko wangapi. Ukimjibu kwamba uko mwenyewe, atatupa jicho nyuma ya bega lako, maana huenda kuna mtu bado anaegesha gari. Kisha atakupeleka kwenye meza ya watu wanne, akusanye glasi tatu na uma tatu mbele ya macho yako, na kukuachia seti moja. Vyombo vinagongana, meza ya jirani inageuka. Watu wote sasa wanajua.

Vuka barabara uende kwa mama lishe. Pale hakuna anayehesabu. Kuna benchi la mbao, meza ndefu iliyotandikwa plastiki ya maua, ndoo yenye koki na sabuni ya maji kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, na kuna nafasi kati ya fundi pikipiki na mwanafunzi wa chuo. Wanasogea, unakaa. Kabla hujaagiza, fundi atakuonyesha sahani yake kwa kidole na kusema "karibu", nawe utajibu "starehe", au "asante, na mimi naletewa sasa hivi". Hamjuani na hamtajuana. Lakini mtu ameshakukaribisha chakula chake, na kwa hesabu za kwetu hilo linatosha kabisa: hukula peke yako.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba mlaji anakuwa mpweke kwa kukosa mwenza. Upweke wake unaletwa na meza. Kwenye benchi wanahesabiwa waliopo. Meza yenye viti vinne inawahesabu ambao hawakuja. Na ukishakaa kwenye meza hiyo, mtu pekee mwenye ruhusa ya kukusogelea bila kuonekana mdaku ni mhudumu. Wanaokula kwa makundi hawalijui hili, kwa sababu kwao mhudumu ni mkono unaoleta sahani na kuondoa sahani. Wana stori zao, wana vicheko vyao. Anayekula mwenyewe hana mwingine wa kuzungumza naye, wala wa kulalamika kwake, wala wa kumuuliza kama samaki ni wa leo. Nusu ya mlo wake iko mikononi mwa mtu mmoja aliyevaa aproni, na ni ajabu jinsi watu wengi wanavyoishughulikia nusu hiyo kwa kuita "psst".

Tuna sababu ya kuona aibu. Wengi wetu tulianza kula kwenye sinia, kila mtu na upande wake, na mkono uliovuka mpaka ulipigwa kofi dogo. Tumeambiwa kizuri kula na nduguyo. Mtoto aliyekutwa nyuma ya nyumba anatafuna mwenyewe hakuulizwa anakula nini. Aliulizwa kwa nini amejificha. Kwa malezi hayo, mtu mzima aliyeketi peke yake mbele ya nusu kuku anajiona kama anatuhumiwa uchoyo na wakati huohuo anahurumiwa, na zote mbili zinakera. Ndiyo maana anaigiza. Anatazama saa. Anaweka simu sikioni na kusema kwa sauti, "Sawa, basi, mimi nimeshafika." Hakuna mtu upande wa pili. Nimewaona wengi, na wahudumu wamewaona zaidi yangu, wala hawadanganyiki.

Kichekesho ni kwamba mgahawa, kihistoria, ulitengenezwa kwa ajili ya mtu huyuhuyu. Paris ya karne ya 18, mgeni asiye na jiko alikula kwenye nyumba za wageni: meza moja ndefu, saa iliyopangwa, chakula kimoja kilichopikwa siku hiyo. Wenyeji waliozoeana walikaa karibu na bakuli la nyama, na mgeni akapata kilichofika mwisho wa meza. Kisha katika miaka ya 1760 yakafunguliwa maduka ya aina nyingine. Anayetajwa mara nyingi kama mwanzilishi ni Mathurin Roze de Chantoiseau, na mwaka unaotajwa ni 1766. Maduka hayo yaliuza mchuzi wa nyama uliochemshwa kwa saa nyingi, dawa ya watu waliojiona dhaifu wa kifua. Sasa, mgonjwa hawezi kula kwa ratiba ya wenzake, wala hawezi kugombania bakuli. Akapewa meza ndogo yake, akala saa aliyotaka, akaletewa karatasi yenye majina ya vyakula na bei zake ili achague kinachomfaa. Meza ndogo, saa yoyote, menyu yenye bei: mambo yote matatu tunayoyaona leo kuwa ndiyo mgahawa wenyewe yalianza kwa sababu ya mteja aliyekuja peke yake. Makundi yalifuata baadaye, yakakuta mahali pazuri, yakakaa.

Brillat-Savarin, hakimu wa Kifaransa aliyependa kula kuliko sheria, alichapisha kitabu chake kuhusu ladha mwaka 1825. Humo anaelezea ukumbi wa mgahawa na aina za wateja wake, na hakuwasahau wanaokula wenyewe: huagiza kwa sauti kubwa, hukosa subira, hula mbiombio, hulipa, huondoka. Imepita karibu miaka 200. Kilichoongezeka ni simu tu.

Huku kwetu jambo lilikuja kwa njia ya reli na bandari. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Miji iliyozaliwa au kunenepeshwa nayo ilijaa wanaume wasio na wake zao, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilitaka nguvukazi na haikutaka familia. Mwanamume aliyekodi kitanda katika chumba cha watu kadhaa hana jiko, hana mtu wa kumwandalia, na saa moja jioni ana njaa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya ukoloni, anaonyesha kwamba wale waliouza miili yao katika mitaa kama Pumwani walikuwa wakiuza na vitu vingine ambavyo watu hawavitaji: chai, chakula, maji ya moto ya kuoga, mahali pa kukaa na mtu wa kuongea naye. Toa jambo moja katika orodha hiyo, na kilichobaki ni mgahawa. Hata ukiacha chakula, ona kilichouzwa pamoja nacho: mtu wa kuongea naye. Mwanamume yule wa mwaka 1930 alijua anacholipia.

Dar es Salaam, mama lishe aliongezeka hasa miaka ya 1980, mshahara wa mwezi uliposhindwa kufika wiki ya pili na wanawake wengi wa mjini wakaanza kupika ili nyumba iende. Wateja wao wa kwanza walikuwa makuli, mafundi, makarani, madereva, yaani watu walio mbali na jiko la nyumbani saa za mchana. Karibu wote walikuja mmojammoja. Ndiyo maana benchi la mama lishe liko vile lilivyo. Hakulipanga kwa familia.

Ni pale mgahawa ulipopata meza za viti vinne na pango la mwezi ndipo mteja wa peke yake akageuka hasara. Hesabu yenyewe ni rahisi. Meza ni ileile, mtu mmoja anakula sahani moja, saa ya chakula cha mchana ni fupi. Kule Marekani hesabu hiyo inamgusa mhudumu mfukoni moja kwa moja: sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa anayeishi kwa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, mradi bakshishi ijazie pengo hadi kima cha chini cha kawaida. Yapo majimbo yanayodai zaidi. Lakini bakshishi ya kule hukadiriwa kwa asilimia ya bili, na bili ya mtu mmoja ni ndogo, kwa hiyo tabasamu unalopewa ukiingia mwenyewe lina hesabu nyuma yake. Korea Kusini, migahawa mingi ya nyama ya kuchoma mezani haipokei oda chini ya sahani za watu wawili. Uje na mwenzio au ulipie mbili. Wajapani wamelitatua kwa ukatili wa kupendeza. Kuna kampuni ya tambi za rameni iitwayo Ichiran, yenye asili ya Fukuoka, ambako kila mteja anakaa kwenye kijichumba cha mbao, ukuta kulia na ukuta kushoto. Unajaza karatasi: mchuzi uwe mzito au mwepesi, tambi ziive kiasi gani. Mikono inatokea kwenye dirisha dogo mbele yako, bakuli linawekwa, mhudumu anainama, pazia linashuka. Huuoni uso wake. Ukitaka kuongezewa tambi unaweka kibati juu ya kitufe.

Mimi ningekaa pale kwa furaha mara moja. Mara ya pili ningeanza kuongea na pazia.

Kwetu hasara ya mteja mmoja inajificha kwenye vipimo. Nyama choma ni kwa kilo, na mchomaji anayekata robo anaikata kwa uso wa mtu anayekopwa. Kuku ni mzima au nusu. Samaki wa kupaka amelala mzima kwenye sinia akisubiri familia. Aliyekuja mwenyewe anapaswa kujua vyakula vilivyo upande wake: mishkaki inayohesabika kwa kijiti, supu kwa bakuli, chapati moja moja, urojo, chipsi mayai ambayo hata ukitaka kugawana na mtu itakuletea ugomvi. Na anapaswa kujua kuomba. "Nusu ya nusu inawezekana?" ni swali halali ukiliuliza kwa upole kabla jikoni hawajajaa. Mhudumu anayekupenda atakuunganisha na mteja mwingine aliyeomba nusu. Mmekula kuku mmoja, meza mbili, na hamkuonana.

Hapo ndipo linapoanza suala la jinsi ya kusema na mhudumu. Menyu iliyochapishwa, yenye kurasa za plastiki na picha za vyakula vya Ulaya, ni ahadi. Kilichopo jikoni leo ni kitu kingine, pengine vyakula vinane kati ya sitini. Kundi la watu sita linajua hili baada ya kuagiza na kurudishiwa majibu mara sita. Wewe uko mmoja, huna haja ya mchezo huo. Funga menyu, msalimie kwanza, umuulize: "Leo jikoni kumetoka nini?" Usiulize kipi kitamu, maana kila kitu ni kitamu, ameajiriwa aseme hivyo. Swali la kilichotoka linamtaka akumbuke alichoona kwa macho yake nusu saa iliyopita.

Kuna mgahawa mmoja Kariakoo ninaopita nikiwa na shughuli za mjini, ambako mhudumu mmoja, mama wa makamo mwenye kitambaa cheupe begani, ana namna yake ya kujibu swali hilo. Hajibu kwa sauti, kwa kuwa tajiri yuko kaunta hatua chache kutoka hapo. Anachukua kitambaa, anaanza kufuta meza ambayo tayari ni safi, na akiinama kufikia upande wa pili anasema kwa sauti ya chini, midomo ikicheza kidogo tu: "Nyama ni ya jana. Chukua kibua, wametoka feri asubuhi." Akinyooka anarudi kwenye sauti ya kazi: "Kwa hiyo wali samaki, kaka yangu?" Sentensi ile ya kwanza haiuzwi kwa kundi. Kwenye kundi huwezi kujua nani ni shemeji wa tajiri.

Saa nayo inachangia. Saa saba mchana mhudumu hana masikio; ana sahani nne kwenye mkono mmoja na watu watatu wanamwita. Ukimtaka akutambue kama mtu, nenda saa nane na nusu au saa tisa. Kweli, baadhi ya vyakula vitakuwa vimekwisha, na pilau itakuwa ya chini ya sufuria, ambayo mimi naiona bora. Lakini utakuta ukumbi umetulia na utaona jambo ambalo wateja wa saa saba hawalioni: wahudumu wenyewe wakila. Wanakaa meza ya pembeni karibu na mlango wa jikoni, viatu wamevua, sinia moja katikati, mpishi ametoka na jasho lake amejiunga. Katika ukumbi ule wenye meza za watu wanne, ni wao tu wanaokula kama tulivyofundishwa nyumbani. Nao watasema karibu. Wakati wa magharibi, mwezi wa Ramadhani, mgahawa wa Unguja au Mombasa unapokuwa mtupu kwa sababu kila mtu yuko kwake, ukaribisho huo si wa mdomoni: msafiri aliyeketi peke yake ataitwa asogee, ataletewa tende na uji, na atafuturu na wafanyakazi kabla bili haijazungumzwa.

Nairobi wana desturi yao ya katikati. Kwenye hoteli za mjini, zile za chapati na ndengu, meza ni za watu wanne lakini hakuna anayezihesabu kuwa zake. Saa ya lunchi mtu anavuta kiti mbele yako, anauliza "hapa kuna mtu?" huku ameshakaa. Mhudumu anapiga kelele ya oda kuelekea jikoni, na oda yako inajulikana na ukumbi mzima. Mtu wa Dar anaona ni fujo. Mimi naona wameifanya meza iwe benchi, na nawapongeza.

Sasa nizungumzie mambo ya aibu ndogondogo ambayo vitabu vya adabu havigusi. La kwanza ni msalani. Watu wawili wanapeana zamu. Wa peke yake ana mkoba, ana simu inayochajiwa ukutani, ana sahani iliyobaki nusu, na ana haja. Ukiinuka na mkoba wako, unafanana na mtu aliyemaliza, au mtu anayekimbia bili. Ukirudi, sahani imeondolewa na meza imefutwa. Wengine huegemeza kiti mezani. Wengine huacha kofia, au kitabu wasichokipenda. Dawa ni kumtafuta mhudumu wako na kumwambia, "Dada, niangalizie meza, narudi." Maneno mawili matatu, lakini yanabadilisha mambo: sahani itafunikwa na sahani nyingine ili nzi wasiguse, na yeyote atakayetaka kukaa ataambiwa pana mtu.

La pili ni kulipa kabla. Baa nyingi za kwetu, baamedi hachukui kinywaji kaunta kwa mkopo wa tajiri. Analipa kwa fedha aliyonayo mkononi, kisha anakuja kuifuata kwako. Ukikimbia umemkimbia yeye, na hasara inakatwa kwenye ujira wake wa siku. Kundi haliwezi kuyeyuka. Daima kuna mmoja amebaki amelala juu ya meza. Mtu mmoja huyeyuka kama moshi. Kwa hiyo akikuletea bia na kusimama pale akisubiri, hajakudharau. Mlipe palepale na umtoe wasiwasi. Mteja wa peke yake anayelipa kila oda inapofika atahudumiwa kabla ya meza ya waheshimiwa wanane wanaosema "tutafanya hesabu mwishoni".

La tatu linawahusu wanawake, na hapa nasikiliza zaidi kuliko kusema. Mwanamume akila peke yake anahesabiwa kuwa na njaa. Mwanamke akila peke yake, hasa ikishafika saa moja usiku na mahali pana muziki, anahesabiwa kuwa anasubiri au anatafuta. Rafiki yangu mmoja ni mwanasheria anayezunguka mikoani kwa kesi, na chakula chake cha jioni karibu chote ni cha hotelini au kwenye baa zenye jiko, maana miji mingi baada ya giza chakula cha moto kiko huko. Utaratibu wake ni huu. Akiingia hakai kwanza. Anakwenda hadi kaunta, anawasalimia wafanyakazi kwa utulivu, habari za tangu asubuhi, poleni na kazi. Anachagua meza ambayo kaunta inaiona na mgongo wake una ukuta. Kisha anamwambia mhudumu waziwazi: "Mdogo wangu, nakula, nikimaliza naondoka. Simsubiri mtu." Anasema sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu mhudumu sasa anajua upande wa kusimama.

Na atasimama. Baada ya muda, meza ya kona itatuma kinywaji. Mhudumu asiye na uzoefu huleta soda au bia mkononi na kusema, "Yule kaka pale amesema unywe." Mwenye uzoefu haleti chupa. Anakuja mikono mitupu, anajifanya anaweka sawa chombo cha chumvi, anasema, "Kuna mtu anataka kukununulia. Nilete, nisilete?" Akiambiwa asilete, anarudi kona na jibu lake mwenyewe, lililopambwa ili aliyetuma asione aibu mbele ya wenzake: dada anatumia dawa, dada ana safari alfajiri. Na chupa yoyote anayoikubali rafiki yangu inafunguliwa mbele yake, mezani, kama ilivyo desturi. Kazi hii yote ya ulinzi haimo kwenye mkataba wa baamedi, ikiwa ana mkataba. Wanaume tunaokwenda sehemu hizohizo mwaka mzima hatujui kuwa ipo.

Kuhusu kuita, nitapita haraka kwa sababu kila mtu anajua na hakuna anayetekeleza. Kupiga mluzi ni kwa mbwa. Kugonga glasi kwa kijiko ni kwa sherehe. "We!" ni kwa mdogo wako, nyumbani, akiwa amekosa. Ukiwa peke yako una faida ambayo kundi halina: unaweza kumsubiri hadi mtazamane, kisha ukainua mkono kidogo. Muulize jina mara ya kwanza. "Dada" na "kaka" zinatosha kwa siku moja, lakini jina ndilo litakalomfanya akukumbuke wiki ijayo. Mwanamume mwenzangu, jina likishatajwa liishie hapo. Mhudumu anatabasamu kwa sababu yuko kazini.

Na hilo linanileta kwenye bakshishi, ambayo imeharibiwa na simu. Zamani, na zamani hiyo si mbali, mtu alilipa noti, chenji ikarudi kwenye kisahani, akasema "hiyo ya soda" na mhudumu akaiweka mfukoni. Hakuna aliyehitaji kuhesabu asilimia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania ikafuata mwaka 2008, na sasa ukutani, juu ya kaunta, pameandikwa lipa namba kwa tarakimu kubwa kuliko jina la mgahawa. Unalipa 8,500 kamili, sekunde chache, ujumbe unaingia kwenye simu ya tajiri. Hakuna chenji. Hakuna kisahani. Shilingi 1,500 iliyokuwa inabaki kwenye noti ya 10,000 haipo tena, na hakuna aliyeamua kumnyima mhudumu. Imepotea tu kati ya namba na namba. Tajiri hakumpandishia ujira kwa sababu hiyo.

Unaweza kusema, basi nimtumie kwenye namba yake. Jaribu wewe, mwanamume uliyekula peke yako, kumwambia binti wa miaka 22 saa tatu usiku, "Naomba namba yako nikutumie kitu kidogo." Ameyasikia maneno hayo jana, na juzi, na hayakuhusu bakshishi. Kundi lingeweza kumtuma mama mmoja akaombe. Wewe huna wa kumtuma. Kwa hiyo beba noti ndogo. Ni jambo la kizamani lakini sijaona bora: noti ya 1,000 au 2,000 iliyokunjwa, unampa mkononi mwake wakati anaondoa sahani, si kuiacha mezani ambako mwingine ataiwahi, wala si kaunta mbele ya tajiri. Sema asante, taja jina lake.

Wahudumu hawakai mahali pamoja muda mrefu. Ujira ni mdogo, tajiri ana maneno, mgahawa wa jirani umefunguliwa na unahitaji watu. Utakwenda siku moja saa yako ya kawaida, ukute kijana mpya anakuuliza mko wangapi na kukuletea menyu ya kurasa kumi na mbili kana kwamba hujawahi kufika. Chakula hakijabadilika, mpishi ni yuleyule, lakini hakuna tena wa kukuambia nyama ni ya lini. Wateja wengi wa peke yao, nimegundua, hawana mgahawa wanaoupenda. Wana mhudumu wanayemfuata, kutoka Kariakoo hadi Magomeni, kutoka Magomeni hadi Sinza, na yeye akihama, mapato ya watu kumi na wawili wa mmojammoja yanahama naye bila tajiri kujua yamekwenda wapi. Ukitaka kujua alikohamia, waulize wenzake, wanajua na watakuelekeza hadi mlangoni. Ila subiri tajiri atoke kwenda kuswali.